Kipimo Kilikuwa cha Nani?



Nianze na safari ya kijiti cha kupimia. Mwishoni mwa Januari 2020 mwanafunzi mmoja alishuka Nairobi akitokea Wuhan, na maofisa wa afya uwanjani wakamtilia shaka kuwa ana korona. Akapelekwa hospitali, akatengwa, akachukuliwa sampuli. Sampuli ile ikafungashwa, ikapelekwa Afrika Kusini, na nchi nzima ikakaa ikisubiri. Jibu liliporudi lilikuwa la kheri: hana. Watu wakashusha pumzi, magazeti yakageukia mambo mengine. Mimi nilibaki na ile safari akilini. Pua ilikuwa Nairobi, na jibu la pua hiyo lilikuwa ng'ambo ya mto Limpopo.

Siku zile, barani kote, ni maabara za nchi mbili tu zilizokuwa tayari kukitambua kirusi hiki: Afrika Kusini na Senegali. Mapema Februari Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, ikawaita Dakar wataalamu wa maabara kutoka nchi zaidi ya kumi, wakafundishwa kwenye Taasisi ya Pasteur, wakarudi makwao na ujuzi. Ilikuwa kazi ya haraka na safi, na haijasifiwa vya kutosha. Kufikia tarehe 13 Machi, Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza, jibu halikuhitaji tena kupanda ndege. Kupima tulishajua. Kilichokuwa kigumu sasa ni kupata cha kupimia.

Hapo ndipo mjadala wetu ulipoanzia, na kwa maoni yangu hapo hapo ndipo ulipopotelea. Tarehe 16 Machi Dkt. Tedros wa Shirika la Afya Duniani aliziambia nchi zote zipime, zipime, zipime, maana moto hauzimwi na aliyefungwa kitambaa machoni. Basi sote tukashika hesabu. Kila alasiri tuliketi mbele ya televisheni kumsikiliza waziri wa afya, Mutahi Kagwe: saa ishirini na nne zilizopita wamepimwa wangapi, wamepatikana wangapi. Kisha tukalinganisha. Waganda wamepima wangapi? Watanzania je? Rwanda mbona wanatupita? Tulikuwa kama watu wanaofuata ligi. Na mabishano ya bungeni, redioni na barazani yakawa ni hayo tu: vipimo ni vichache, nani kavificha, nani kavila.

Vilikuwa vichache kweli. Lakini mtu akikwambia leo nyumbani kwake wali wa nazi umekosekana, wewe mtu wa Pwani utamuuliza: umekosa mchele, nazi, moto au mpishi? Sisi hatukuuliza. Tulisema "vipimo" kana kwamba ni kitu kimoja kinachouzwa dukani kwa dazeni. Mimi nimefanya kazi ya maabara zaidi ya miaka thelathini, mingi kati yake nikiwa nimeinamia hadubini nikitafuta vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi, na niwaambieni: kipimo cha PCR ni msururu. Kuna kijiti cha kuchukulia sampuli, kinachoingia puani mpaka machozi yatoke. Kuna kimiminika cha kuihifadhi sampuli njiani. Kuna vitendanishi vya kukamua vinasaba vya kirusi kutoka kwenye ule uteute, na vingine vya kuvizidisha mpaka mashine ivione. Kuna mashine yenyewe, na umeme wake. Kuna mtu aliyevaa gauni na barakoa mbili, ambaye hajanywa maji tangu asubuhi kwa kuwa akivua hatapata gauni jingine. Mwisho kuna simu au karatasi ya kumrudishia mwenye pua jibu lake. Kikikatika kimoja, vyote vimelala.

Na vilikatika kimoja kimoja, kwa zamu. Vile vijiti, kwa mfano. Viwanda vikubwa vilivyovitengeneza duniani vilikuwa viwili: kimoja Brescia, kaskazini mwa Italia, yaani katikati kabisa ya eneo ambalo maradhi yalikuwa yanafyeka watu mwezi Machi, na kingine katika mji mdogo uitwao Guilford, jimbo la Maine, Marekani. Fikirini, dunia nzima inangoja vijiti kutoka miji miwili. Tarehe 22 Machi ndege ilitua Addis Ababa na msaada wa Jack Ma, tajiri wa Kichina, vipimo zaidi ya milioni moja vya kugawiwa nchi zote za Afrika, 20,000 kila moja. Tulishukuru, na shukrani ilistahili. Lakini Kenya kwa sensa ya 2019 ina watu milioni 47 na ushei. Kipimo kimoja kwa watu zaidi ya 2,300. Nawe bado unatafuta vitendanishi vya kukamulia.

Msidhani wakubwa walikuwa wamekaa raha. Maabara ya Charité ya Berlin ilikuwa imechapisha njia ya kupima tangu Januari, lakini Wamarekani wakaamua kutengeneza ya kwao, na vifaa walivyovisambaza Februari kwenye majimbo vikawa na hitilafu, wiki kadhaa zikapotea. Tarehe 6 Machi Rais Trump alisimama Atlanta akasema kila anayetaka kupimwa anaweza. Siku sita baadaye Dkt. Fauci, mtaalamu wao wa maradhi ya kuambukiza, akaliambia Bunge lao kwamba mfumo unashindwa na afadhali wakubali. Korea Kusini ilikuwa imeumwa na mlipuko wa MERS mwaka 2015, ikabadilisha sheria zake, na mapema Februari ilikuwa tayari imeruhusu kipimo cha kwanza cha kampuni ya nyumbani. Aliyewahi kuumwa na nyoka, ukuti ukimgusa hushtuka.

Wakubwa waliposhtuka, waliingia sokoni wote kwa pamoja. Hapa John Nkengasong, aliyekuwa mkuu wa Africa CDC, aliandika mwezi Aprili katika jarida la Nature maneno ambayo kila mbunge wetu alipaswa kuyasoma. Alisema nchi za Afrika zina fedha za kununua, ila hazifikiwi na zamu. Mezani kwa muuzaji, pesa yako haina kosa, wewe ndiye huonekani. Ndipo Umoja wa Afrika ukaanzisha mpango wa kununua kwa pamoja, na baadaye duka la mtandaoni chini ya Strive Masiyiwa wa Zimbabwe, ili nchi hamsini na tano zisimame mlangoni kama mteja mmoja.

Hadi hapa nimesimulia uhaba kama unavyosimuliwa siku zote: wao wanavyo, sisi hatuna. Sasa niwape ule upande ambao haukuzungumzwa.

Mwezi Aprili Uganda iliamua kila dereva wa lori anayeingia apimwe mpakani. Uamuzi ulikuwa na mantiki, kwa sababu ndege zilikuwa zimesimama na mtu aliyebaki akivuka mipaka ni dereva. Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ikaota foleni ya malori ya kilomita na kilomita. Mjomba wangu ni dereva, amebeba makontena kutoka bandari hii ya Mombasa hadi Kampala tangu enzi za treni za zamani. Nilimpigia simu usiku mmoja.

"Shikamoo mjomba. Umefika wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Niko pale pale nilipokuwa juzi."

"Majibu hayajatoka?"

"Yangu yametoka. Sina kitu. Ya mwenye lori la mbele yangu bado. Sasa mimi nipite juu yake?"

Alikuwa analala kwenye usukani, anapika chini ya trela na utingo wake, anaoga akibahatika. Wenyeji wa vijiji vya kando ya barabara walikuwa wakiwakimbia kama wakoma. Na huko Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, mambo yalikuwa mabaya zaidi: madereva wa Tanzania walipimwa upande wa Kenya wakaambiwa wanao, wakarudi Arusha wakapimwa tena wakaambiwa hawana. Tarehe 16 Mei Kenya ikafunga mpaka ule, isipokuwa kwa mizigo na dereva aliyepimwa. Wakuu wa mikoa wakarushiana maneno. Uganda nayo, ilipoona idadi yake inapanda kwa ajili ya madereva wa nje, ikawatoa kwenye hesabu. Mtu huyo huyo, kirusi hicho hicho, lakini hahesabiki kokote. Kipimo kilikuwa kimegeuka muhuri wa pasipoti.

Nawaomba mlione hilo vizuri. Mgonjwa ana swali lake: nina nini? Mpaka una swali lake: huyu apite au arudi? Wizara ina swali lake: maradhi yamefika wapi? Kipimo ni kile kile kwa wote watatu. Vikiwa tele, kila mwenye swali hujibiwa na hakuna anayegombana. Vikiwa haba, hujibiwa mwenye nguvu ya kumshika mtu mkono. Mpaka una askari. Mgonjwa ana kikohozi tu.

Na sasa njooni hapa kwetu, Mji wa Kale. Tarehe 6 Mei serikali iliufunga, pamoja na Eastleigh kule Nairobi. Wapimaji wakaletwa. Meza zikapangwa, vijiti vikawepo, gauni zikawepo. Watu hawakuja, au walikuja wachache. Wiki ile ile ambayo malori Malaba yalikuwa yamejipanga kusubiri vipimo, hapa Mombasa vipimo vilikuwa vinasubiri watu! Magazeti yakasema ni ujinga, wengine wakasema ni dini. Nilikasirika sana niliposoma, kwa sababu nawajua watu wale, nimekulia vichochoro vile. Mama mmoja wa Kibokoni aliniambia maneno machache: "Nikipatikana ninao, nachukuliwa. Nachukuliwa wapi? Na nani atalipa? Na hawa watoto?" Miezi ile ya mwanzo aliyewekwa karantini alidaiwa gharama za kuwekwa. Serikali ilitangaza kuzibeba gharama hizo Mei hiyo hiyo, lakini habari ya deni ilikuwa imeshatembea mji mzima, na habari ya msamaha haina miguu mirefu kama ya deni. Yule mama hakuogopa kijiti. Aliogopa jibu, kwa sababu jibu halikuwa lake. Lilikuwa la watu watakaokuja na gari.

Kwa hiyo mtu akiniambia vipimo vilikuwa haba, namkubalia, kisha namuuliza ni wapi, na kwa nani.

Najua mnangoja nizungumzie papai. Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, Rais Magufuli wa Tanzania alieleza kwamba walipeleka maabara kuu ya taifa sampuli za papai, fenesi, kware, mbuzi, hata oili ya gari, wakazipa majina na umri wa watu. Papai likatoka na korona. Mbuzi naye. Dunia ilicheka, na baadhi yenu naona mnacheka hata leo. Mimi sikucheka, na nitawaambia kwa nini. Kumpelekea fundi wa maabara sampuli ya siri ni desturi ya kazi yetu. Mimi mwenyewe nimeletewa mwaka baada ya mwaka, vichupa vyenye namba, sijui kipi kina vimelea na kipi hakina. Ukikosea unaandikiwa, unatafuta kosa liko wapi, pengine tone limeruka kutoka kichupa kimoja hadi jirani yake, pengine kitendanishi kimechafuka, unarekebisha, unaletewa vingine. Vipimo vingine vina hata kidhibiti cha kuangalia kama sampuli ina chembe za binadamu, na papai lingeumbuka hapo hapo. Kwa hiyo swali la Rais lilikuwa halali. Maabara inaweza kukosea, na mwananchi ana haki ya kujua inakosea kiasi gani. Nkengasong alivitetea vifaa, akasema havina dosari. Sawa. Lakini utetezi mzuri ungekuwa kufungua milango, kurudia sampuli zile mbele ya maabara nyingine, na kutoa takwimu za makosa. Badala yake mkuu wa maabara akasimamishwa, tume ikaundwa, na hesabu ikagota kwenye wagonjwa 509. Haikusogea kwa zaidi ya mwaka, mpaka miezi kadhaa baada ya Rais Samia kuingia. Fundi aliyekosea kipimo hufundishwa. Hapa kilichozimwa ni kipimo chenyewe.

Bado sijawalaumu mafundi wenzangu, na tunastahili lawama yetu. Tulijifungia kwenye kulilia vitendanishi tukasahau hesabu. Mwaka 1943 Mmarekani Robert Dorfman alitoa wazo la kupima kaswende kwa makuruta wa jeshi bila kumpima kila mmoja: changanya damu za watu kadhaa kwenye kichupa kimoja, upime mara moja. Kichupa kikiwa safi, wote safi. Kikiwa na ugonjwa, rudi uwapime wa kichupa hicho mmoja mmoja. Chukueni watu 100, mwenye ugonjwa ni mmoja. Ukiwapima mmoja mmoja unatumia vipimo 100. Ukiwachanganya kumi kumi, vichupa kumi, kimoja kinawaka, unarudia watu wake kumi: jumla vipimo 20. Umeokoa 80. Sharti ni ugonjwa uwe bado haujaenea, maana ukienea kila kichupa kitawaka na umejichosha bure. Nani aliliokota wazo hili na kulinoa? Rwanda. Leon Mutesa, Wilfred Ndifon na wenzao walibuni njia ya kupanga sampuli kwa pande nyingi, kama mchemraba, na kazi yao ikachapishwa na Nature mwaka 2020. Kigali walikuwa na uhaba kama wetu. Nilipoisoma nilisikia aibu ya aina fulani, ile ya mtu aliyelala njaa na ghala ya jirani ina mlango wazi.

Na lile swali la wizara, maradhi yamefika wapi? Hilo nalo lilijibiwa kwa njia ambayo haikuhitaji kumkimbiza mtu barabarani. Wenzetu wa Kilifi, wa KEMRI na Wellcome, walichukua masalio ya damu ya watu waliojitolea kuchangia kati ya Aprili na Juni 2020, sampuli 3,098, wakatafuta kingamwili. Walizikuta kwa watu 174. Baada ya kusahihisha hesabu kulingana na idadi ya watu na ubora wa kipimo, walikadiria asilimia 4.3 ya nchi, na Mombasa ndiyo iliyoongoza kwa asilimia 8. Asilimia 4.3 ya Kenya ni watu wengi mno. Mwisho wa Julai jumla ya wagonjwa kwenye tangazo la alasiri ilikuwa bado 20,636. Maradhi yalishapita vyumbani mwetu, yakala nasi, yakaondoka, huku sisi tukigombania foleni ya Malaba.

Lusaka walifanya jambo gumu zaidi. Kati ya Juni na Septemba mwaka ule, kwenye mochwari ya hospitali kuu ya chuo kikuu, walipima pua za marehemu. Kati ya 364 waliopata majibu, 70 walikutwa na kirusi. Wengi wao, 51, walikuwa wamefia mitaani, na hata mmoja wa hao 51 hakuwahi kupimwa akiwa hai. Kati ya 19 waliofia hospitali walipimwa sita. Yaani swali la kwanza kabisa, lile la mgonjwa, nina nini, lilijibiwa mwenyewe akiwa amelala kwenye jokofu.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Namalizia na mashine yangu.

Kuna mashine ndogo iitwayo GeneXpert. Iko kwenye hospitali nyingi za wilaya na kaunti, Kenya, Tanzania, Uganda, kwa ajili ya kifua kikuu. Unaweka makohozi kwenye katriji, unabonyeza, baada ya kama saa mbili unajua. Kwetu ilikuwa kama kumpata mfanyakazi asiyechoka. Mwezi Machi 2020 Marekani iliidhinisha katriji yake ya korona, na nchi maskini zikauziwa kwa dola 19.80 kila moja. Tulifurahi, kwa kuwa mashine tayari tunazo. Katriji zikaja kwa matone. Na hata zilipokuja, mashine ni ile ile na fundi ni yule yule. Anayekohoa wiki tatu aliambiwa arudi Jumatatu, au hakuja kabisa kwa kuogopa kutengwa. Shirika la Afya Duniani lilihesabu: wagonjwa wapya wa kifua kikuu waliogunduliwa duniani walishuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020. Ugonjwa haukupungua. Waliopungua ni walioonekana. Sababu ni nyingi, zikiwemo amri za kukaa ndani na hofu ya hospitali, lakini nyingine ilikuwa juu ya meza yangu, ikiunguruma kwa kazi ya watu wengine.

Kwa hiyo tulipobishana kuhusu uhaba, tulihesabu vipimo vya korona tulivyokosa. Vya kifua kikuu tulivyovihamisha havikuwa na waziri wa kuvisoma alasiri.

Yule mjomba wangu wa Malaba alipimwa korona mara tisa mwaka ule, zote kwa ajili ya mpaka, na kila mara alitoka hana. Alikuwa anakohoa. Alipofika Novemba suruali zake zilikuwa zinashikwa na mshipi tu. Nilimwambia mwenyewe, kwa kinywa changu hiki cha fundi wa miaka thelathini, kwamba ni vumbi la barabara na uchovu, maana si umepimwa mara tisa, mjomba? Mara ya kumi hakupelekwa na mtu. Alikwenda kituo cha afya kwa miguu yake, akaketi benchi, akasema nataka kujua nina nini. Wakampa kikopo cha makohozi.

Alitumia dawa miezi sita, akapona. Leo ameketi safu ya tatu, kando ya dirisha, na ananikazia macho kwa kuwa nilimwahidi sitamsema.